Unga wa Misonobari

Katika mtaa wetu hakuna anayeijua mvua kama mimi. Magoti yangu huitangaza siku mbili kabla haijanyesha, na hayajawahi kukosea. Ukweli ni kwamba magoti yangu huuma kila siku iendayo kwa Mungu: ikinyesha, yamesema kweli, isiponyesha, hakuna anayekuja kuniuliza. Watu wengi wamepata sifa kwa njia hiyo hiyo, sikuona kwa nini mimi niikatae yangu.

Mwaka ule nikaja kuulizwa. Aliyeniuliza ni mdogo wangu, fundi seremala, akiwa amelala chali katika chumba kinachopakana na karakana yake. Aliniuliza kila asubuhi, kabla hata sijamjulia hali: "Dada, magoti yanasemaje?"

Nilikuwa nimehamia kwake kumuuguza. Hospitali walishamrudisha nyumbani. Daktari alinivuta pembeni akatumia maneno mengi yenye heshima, na mimi sikuvuka shule ya msingi, lakini nilimwelewa: ini limekwisha, mpeni anachotaka. Nikamuuliza mgonjwa wangu anataka nini. Hakutaka chakula, hakutaka wageni wa kumtazama kwa huruma. Alitaka kumwona binti yake, na binti yake hakuweza kuja mpaka mvua inyeshe.

Mji wetu umeegemea mlima, na mlima wote ni misonobari ya kiwanda cha mbao, mstari kwa mstari. Mdogo wangu alikula kwa miti ile maisha yake yote. Vitanda, milango, madawati ya shule, majeneza, karibu vyote msonobari. Binti yake alisomeshwa na msonobari. Lakini kila mwaka jua linapoanza kukomaa, miti ile hutoa unga. Kwenye ncha za matawi huchomoza vishada vidogo kama vidole vya mtoto mchanga, vimejaa chavua tupu, navyo vina akili kuliko baadhi ya watu ninaowafahamu. Hewa ikiwa na unyevu, vinajifunga na kungoja. Umande ukikauka na jua likipanda, vinafunguka. Upepo ukipita hapo, mlima unafuka moshi wa njano, na wageni hukimbia wakidhani ni moto. Unga huo unashuka mjini, unakaa juu ya magari, juu ya nguo kambani, juu ya maji ya ndoo, ndani ya sikio la mbwa aliyelala. Mpaka mvua ije iuangushe wote chini, na madimbwi yabaki na ukingo wa njano.

Sisi wengine tunapiga chafya, tunafuta pua, maisha yanaendelea. Binti wa mdogo wangu ana pumu. Mimi ndiye niliyemwita Chafya, hajaota hata jino, kwa utani, na jina likamganda kiasi kwamba watu wa mtaani hawakujua kama ana jingine. Wakati huo ulikuwa utani wa kuchekesha.

Alipokuwa mtu mzima alihamia mji mwingine, kule bondeni kusikokuwa na misonobari, akawa anakuja kutuamkia miezi ya mvua. Kisha mama yake, wifi yangu, akafariki katikati ya msimu wa unga. Chafya akaja. Nani angemzuia? Alijifunga kitambaa chenye maji puani, akavaa na barakoa juu yake. Ndiyo kwanza tunatoka na jeneza, ambalo mume wa marehemu alilipiga randa kwa mikono yake mwenyewe, upepo ukashuka mlimani. Nilimwona Chafya amekaa chini barabarani, kama mtu aliyechoka kutembea. Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Watu wakagawanyika, nusu na jeneza, nusu na binti, na mdogo wangu akabaki amesimama katikati ya barabara, anageuka huku, anageuka kule, mpaka nikamsukuma mgongoni aende hospitali. Kwa hiyo mke wake alizikwa hakuna mume wala mtoto. Nilisimama mimi mahali pao wote wawili.

Chafya alipona, lakini kifua hakikurudi kilivyokuwa. Daktari wake akamwekea masharti, naye akanisomea kwenye simu, nikayashika kama mtoto anavyoshika jedwali la kuzidisha. Asije kukiwa na jua na upepo. Asije na mvua ya kwanza ya radi, maana dhoruba ile huzipasua punje za chavua zikawa vipande vidogo sana, vinavyopenya mpaka chini kabisa ya mapafu. Angoje mvua itulie, inyeshe kutwa kucha, ioshe miti na hewa yenyewe. Hapo aje, akae ndani ya nyumba iliyopanguswa kwa maji, na aondoke mlima haujakauka.

Sasa tulihitaji kujua hewani kuna nini, na magoti yangu hayakufika huko. Lakini ndani ya nyumba kulikuwa na fundi.

Seremala yeyote wa mji wetu anajua kwamba msimu wa unga hupaki vanishi ukaweka kazi nje. Ukipaka meza asubuhi, mchana utaikuta imeota manyoya kama kifaranga. Mdogo wangu, aliyeitwa Msasa mtaa mzima kwa sababu hakuweza kupita karibu na kitu chenye mkwaruzo asikisugue, alikuwa na desturi yake. Kabla ya kugusa kazi ya mteja alipaka vanishi kipande cha ubao, akakiweka dirishani, baadaye akakipitishia kidole. Kikiwa laini, anatoa meza nje. Kikikwaruza, anafunga karakana na kwenda kulala. Desturi hiyo tukaigeuza kuwa ya kumngojea Chafya. Kila asubuhi nilipaka ubao na kuuweka nje, kwenye kizingiti cha dirisha la mgonjwa, chini ya ukingo wa paa. Mchana nilimletea kitandani. Mimi macho yangu yote mawili yana mtoto wa jicho, njano na nyeupe kwangu ni ndugu wa tumbo moja. Mwamuzi alikuwa kidole chake.

Kupaka nako alinifundisha akiwa amelala. "Hiyo ni brashi, dada, si ufagio." Siku ya kwanza nilipaka ubao, nikapaka na mkono wa gauni langu, kisha nikakaa kupumzika nikashikana na kiti. Alicheka mpaka ikabidi nimshike mbavu kwa viganja, maana alikuwa amekonda kiasi kwamba kicheko kilimtikisa kama mlango usio na bawaba.

Mwanzoni ubao haukuwa na siri yoyote. Jua lilikuwa la kupasua mawe. Kila mchana ubao uliingia ndani umevaa unga mzito, na mdogo wangu hakuhitaji hata kubonyeza. "Mwambie asije," alisema. Nikapiga simu. Chafya alikuwa ameshafunga begi lake, liko mlangoni, alinieleza kwamba analiruka kila akienda jikoni. Aliuliza baba ameamkaje. Nilimwambia anakula vizuri, anaringa, ananituma kama ana mshahara wangu mkononi. Baada ya kukata simu nilikwenda kumlisha supu kwa kijiko cha chai, na kijiko cha tatu alikigeuzia uso ukutani.

Kisha mawingu yakaja. Yalirundikana nyuma ya mlima kutwa, na jioni radi ikapiga, madirisha yakatetemeka. Nilifurahi kama mtoto. Yeye akanikumbusha taratibu kwamba hiyo ndiyo mvua ya radi, bado. Alisema kweli. Tukangoja. Asubuhi yake radi ilikuwa imeondoka na mvua imebaki, ile mvua isiyo na haraka, inayonyesha kama mtu anayesimulia habari ndefu. Maji yaliteremka kwenye mtaro wa mbele ya nyumba na povu la njano, mchana povu likapungua, jioni maji yakawa meupe.

Siku hiyo mdogo wangu aliniomba aproni yake ya kazi. Nikaitoa msumarini kule karakana nikamtandikia juu ya blanketi. Nilidhani amepata hamu ya harufu ya mbao, na nilitoka chumbani upesi ili asinione uso.

Ubao ulipoingia, alipapasa. "Bado," akasema.

Sikuamini. Nikapapasa na mimi. Kweli, ulikwaruza. Nikampigia Chafya. Yeye alikuwa na matumaini tayari, akaniambia kwamba redioni wamesema mvua imefunika mpaka kwetu. Nikamjibu imefunika, mwanangu, lakini ubao unakwaruza, na baba yako amesema bado. Akasema sawa.

Kesho yake mvua ile ile, ubao ule ule. Bado. Na siku iliyofuata. Chafya hakulia, aliendelea tu kusema "sawa, shangazi," kila siku kwa sauti ndogo kuliko ya jana, na mimi ningependa alie, maana anayelia unajua umshike wapi. Mdogo wangu naye alikuwa anapungua waziwazi. Ilifika mahali nikimgeuza nahisi nimeinua nguo.

Aliyenifumbua macho ni nesi, yule aliyekuja kumsafisha vidonda vya mgongo. Mwanamke mnene, mcheshi, kila akija wakati wa jua alikuwa analalamika kwamba gauni lake jeupe linafika kwetu limekuwa la njano mabegani. Siku hiyo aliingia, akakunja mwavuli, na kwa kujisifu tu akaniambia hajafua gauni lile tangu mvua ianze, nimtazame, hana hata chembe. Nikamwambia mimi simwoni vizuri, lakini kama ni kweli basi hongera. Alipoondoka nikakaa jikoni nikafikiri. Gauni linapita barabara nzima halina chembe, ubao uko chini ya paa letu una msasa.

Mimi ni mtu wa hila ndogondogo tangu utotoni, na mtu wa hila huzijua za mwenzake kwa harufu. Asubuhi iliyofuata nilipaka mbao mbili. Mmoja nikauweka dirishani kwa mgonjwa kama kawaida. Wa pili nikauweka dirisha la jikoni, sikumwambia mtu. Mchana nikamletea wa kwanza, nikaulaza juu ya blanketi karibu na mkono wake, nikasema nakwenda kuepua chai, nakuja. Chai yenyewe nilikuwa sijaibandika. Nikatulia ukumbini, nikarudi. Alikuwa ameshapapasa. "Bado, dada," akasema, na macho ameyaelekeza darini.

Niliuchukua ubao nikaukwaruza kwa ukucha, nikaunusa. Msonobari una harufu yake, na unga wake haunuki kitu. Ule ulinuka mkangazi, mbao nyekundu ya kabati za wenye fedha. Nikaenda jikoni nikaleta ule wa pili, nikamwekea kiganjani.

Kidole chake kikateleza kutoka mwanzo mpaka mwisho, kikarudi. Ulikuwa laini kama kioo.

"Huu umetoka wapi?" akauliza.

"Dirisha la jikoni. Nyumba hii hii, mlima ule ule."

Akaugeuza ubao. "Upepo haufiki jikoni."

"Upepo unaotoka mfukoni mwa aproni utafikaje jikoni?"

Nikatia mkono mfukoni mwa ile aproni. Ulikuwa umejaa unga wa msumeno, wa miaka yote, laini kama poda. Kila nilipompa kisogo alidokoa kidogo akaunyunyizia vanishi mbichi, naye alijua, fundi yule, kwamba siku za unyevu vanishi huchelewa kukauka na hushika chochote unachoipa. Ningecheka. Kwa mtu mwingine ningecheka mpaka majirani waje. Nilikaa kitandani, na unga nimeufumbata mkononi.

"Wewe ulibaki kaburini siku ile," akasema. "Hukufika hospitali. Mimi ndiye niliyemshika mkono, na kucha zake zilikuwa za bluu. Nikasema pale pale, ikibidi mmoja wetu aondoke bila kuagwa, nitakuwa mimi."

"Na asubuhi zote zile ulizoniuliza magoti, ulikuwa unaomba jua au mvua?"

"Mvua," akasema. "Niliomba mvua. Ilipokuja nikaogopa."

Nilimpangusa mkono kwa kitambaa cha maji, kidole kimoja kimoja, kama tulipokuwa wadogo ametoka kucheza matopeni na mama hajamwona. Nje mvua ilikuwa inaendelea na hadithi yake. Baada ya muda akaniuliza, na mvua ikikatika mtoto yuko njiani? Nikamwambia haitakatika, magoti yangu yanasema wiki nzima. Sikuwa nimeyauliza. Yalikuwa yanauma kama siku zote.

"Basi mpigie," akasema. Halafu akaomba anyolewe ndevu.

Chafya hakusema sawa safari hii. Nilisikia begi likiburuzwa, na kabla sijamaliza maelezo alikuwa ameshafunga mlango kwa nje. Basi la kwanza lilikuwa limejaa, akapata la mwisho, lenye kufika kwetu asubuhi. Jioni ile niliosha nyumba. Nilipangusa kuta, madirisha, miguu ya kitanda, nikafua mapazia nikayatundika mabichi ili yashike chochote kitakachothubutu. Mdogo wangu, amenyolewa, mashavu yameingia ndani kama sahani mbili, alikuwa ananielekeza kwa kidole palipobaki. Tulikuwa na furaha, mtu asinibishie.

Kilichoniamsha ni kimya. Bati lilikuwa halisemi kitu. Nikafungua mlango wa nyuma na jua likanipiga usoni, jua safi, lililooga. Maji yalikuwa yanavukia barabarani. Nikajiambia ni mapema, umande bado, labda litafunikwa. Halikufunikwa. Na upepo ukaanza.

Hili hatukulifikiria, mimi wala yeye. Siku zote zile za unyevu misonobari haikuwa imemaliza unga wake, ilikuwa imeuzuia. Vishada vilijifunga vikawa vinangoja, na jua la kwanza lilipovigusa vikafunguka vyote kwa pamoja, mlima mzima, akiba ya mvua nzima. Hata mimi na macho yangu haya niliona wingu likiondoka mlimani. Wazee wa mtaa walitoka nje kulitazama. Mdogo wangu alikuwa amegeuza kichwa dirishani, analitazama na yeye. Hakunilaumu. Angenitukana ningeweza kupumua.

Simu ikalia. Chafya alikuwa stendi, ndani ya teksi, vioo vimepandishwa. Nikamwambia arudi. Nikamwambia basi linalogeuza lipo, apande, nitamweleza baba. Alikuwa anapumua kwa filimbi tayari.

"Shangazi, nilimkosa mama kwa sababu ya vumbi hili. Siwezi kurudi nikiwa mlangoni."

"Mwanangu, hutafungua mlango wa gari hiyo. Niapie."

Akaniapia.

Nitasema sasa hivi lililofuata, ili nisilazimike kulisema mwishoni: mdogo wangu hakuiona wiki iliyofuata. Tulimzika jua kali, na Chafya hakuwepo, nilimkataza mimi na daktari wake. Kwa hiyo walichopata wawili wale ndicho hiki ninachokieleza, hakuna kingine.

Teksi ilikuja ikasimama mbele ya dirisha la chumba cha mgonjwa, karibu kadiri mtaro ulivyoruhusu. Dereva alikuwa amezima kipoza hewa, maana kingevuta hewa ya nje, na ameziba matundu yote kwa magazeti yaliyoloweshwa. Alikuwa amekaa mle na taulo kichwani, jasho linamchuruzika, mtu asiyetujua wala tusiyemjua. Tulikubaliana kwa simu kwamba hawawezi kukaa muda mrefu, gari litakuwa tanuri.

Kioo cha gari kilikuwa kimeshafunikwa na njano. Cha dirisha letu pia. Nikatoka na ndoo na kitambaa, nikafuta dirisha kwa nje, nikavuka mtaro nikafuta na cha gari. Kwa mbali sioni, lakini kwa karibu vile nilimwona Chafya. Alikuwa ameubana mdomo na taulo mbichi, pampu ya pumu iko mkononi, na macho yake hayakunitazama mimi, yalikuwa yananipita begani. Kisha nikaona mkono wake unakwenda kwenye kitasa. Nadhani mkono wenyewe haukumuuliza. Niligeuka nikauegemea ule mlango kwa makalio yangu yote, ambayo kwa kazi hiyo Mungu aliyatosheleza, na nikasimama hivyo, kitambaa mkononi, mpaka nikahisi kitasa kimeacha kusukuma. Dereva alikuwa anatazama mbele.

Nikarudi ndani, nikavua gauni la juu nikaliacha ukumbini. Mdogo wangu alikuwa amejisogeza ukingoni mwa kitanda, sijui kwa nguvu gani, miguu inaning'inia.

"Nisimamishe," akasema.

Nikamwambia atamwona akiwa amekaa, nitasogeza kitanda. Akasema hapana. Tangu mtoto yule alipojifunza kutembea amemjua baba yake kwa kusimama, benchi la kazi halina kiti. "Nisimamishe, halafu wewe usionekane."

Ndugu zangu, nimebeba vitu vingi katika maisha yangu. Nilimwinua yule mtu bila kuhema. Nikamfikisha dirishani, nikajibanza nyuma yake, nusu ndani ya pazia bichi, nikamkumbatia kiunoni na kushikanisha vidole vyangu mbele ya tumbo lake. Kichwa changu kilikuwa kati ya mabega yake. Simu nikampa mkono wa kuume, nikaibonyeza spika, na mkono wa kushoto akauegemeza kwenye fremu ya dirisha, kama fundi anayezungumza na mteja. Mimi sikuona tena kitu, niliona shati lake. Yaliyobaki niliyasikia.

Chafya alisema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekunywa chai?"

Akasema amekunywa stendi. Akamuuliza kama ilikuwa na sukari. Akasema ilikuwa na sukari nyingi. Wakaongea hivyo, mambo ya chai, na jinsi basi lilivyokuwa limejaa, na kwamba dereva huyu apewe maji akimaliza. Nilisikia filimbi ya kifua chake kwenye spika, na nilisikia pampu ikipiga, na kila ilipopiga tumbo la mdogo wangu lilikaza chini ya vidole vyangu. Baba akamwambia amependeza. Chafya akamwambia na yeye amependeza, amenyolewa vizuri. Akamweleza kwamba aliyemnyoa ni shangazi yake, kipofu, na kwamba sikio lilibaki kwa bahati. Akacheka, mtoto wa watu, na kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikawa kirefu. Mdogo wangu alisubiri mpaka kikaisha. Uzito wake wote ulikuwa mikononi mwangu, magoti yake yalikuwa yameshaachia zamani.

"Usinililie sana ukirudi," akamwambia. "Watu wanakuza maneno. Wanasema eti Msasa yuko kitandani. Mimi siko kitandani, mama. Unaniona. Nimesimama mwenyewe."

"Nakuona, baba."

"Eeh."

Pumzi ikapiga filimbi mara kadhaa kwenye simu. Upepo ulipita nje, nikausikia unga ukisugua kioo.

"Baba," akasema Chafya, polepole kabisa. "Mkono wa kulia umeshika simu. Wa kushoto uko kwenye fremu. Hiyo miwili iliyokushika tumboni ni ya nani?"

Mkono wa kushoto wa mdogo wangu ukaachia fremu, ukashuka, ukaifunika mikono yangu, kana kwamba bado kulikuwa na nafasi ya kuificha.